Nilimwambia Niko Mtwapa

"Khaemba, niko Mtwapa. Kuja unichukue."

Nilikuwa nimechutama mbele ya dirisha la chuma nililokuwa nikilichomelea, miwani ya kazi juu ya paji la uso, simu nimeibana kati ya sikio na bega. Nusura iniponyoke.

"Ati uko wapi?"

"Mtwapa! Nimeshuka sasa hivi. Jua linanichoma mpaka kwa kisogo, vile tu ulisema. Nimesimama hapa kwa mtu wa madafu. Wewe uko side gani?"

Mimi sikuwa side yoyote ya Mtwapa. Nilikuwa Laini Saba, Kibera, kwenye kibanda cha kuchomelea kando ya reli, nimevaa sweta mbili kwa sababu ya baridi ya Julai. Nduku, mwanamke niliyetaka kumwoa, alikuwa akiishi Kabiro, Kawangware, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka hapo nilipochutama. Na kwa miezi mitano nilikuwa nimemwambia kwamba naishi Pwani.

"Si ungeniambia unakuja?"

"Ningekuambia ungesema ngoja. April ulisema ngoja. Juni ukasema ngoja. Nimechoka. Nimeachia Mourine kiti changu cha saluni, nikaingia basi. Kuja basi, kuna joto."

"Nduku, mpenzi, sikiza. Leo nimetoka. Niko Kilifi, kuna kazi ya madirisha huku. Nitarudi kesho."

"Kilifi si mbali. Nitakungoja kwako. Nipe namba ya caretaker anifungulie."

"Caretaker ako na... amesafiri."

"Ai! Basi nielekeze nyumba, nitakaa hapo nje kwa kivuli."

Nikafungua mdomo nitunge nyumba. Kabla sijaipa hata rangi, treni ikatokea upande wa juu, watu wakaanza kuruka kutoka relini na mizigo yao, na dereva akapiga honi ndefu isiyo na adabu hata kidogo.

Nduku akaisikia.

"Hiyo ni nini?"

"Ni lori."

"Khaemba. Nimekaa Nairobi miaka kumi na mbili. Hiyo ni treni. Kilifi kuna reli tangu lini?"

Nikageuka. Dedan, mwenye kile kibanda, alikuwa ananiangalia na grainda mkononi. Alijua uongo wangu wote, maana ndiye aliyekuwa akizima mashine kila nilipopigiwa simu.

"Uko wapi?" Nduku akauliza tena, sauti imeshuka.

"Laini Saba."

"Tangu lini?"

"Tangu Februari."

Nilingoja anitukane. Kusema kweli nilitamani anitukane, hata Laini Saba nzima isikie. Akasema tu, "Sawa," akakata simu.

* * *

Sasa acha niseme vile mambo yalikuwa, na sitajipaka mafuta.

Mwaka jana Januari nilienda Mtwapa kweli. Mtu mmoja aliyeona mageti yangu Olympic, hapa Kibera, alinipeleka nikamtengenezee geti kule, jirani akalipenda, akataka lake, na jirani wa jirani naye. Nikakodi chumba. Mimi mtoto wa Bungoma niliyezoea matope na sweta nikajikuta nalala madirisha wazi, bila blanketi, upepo wa bahari ukinipuliza bure. Asubuhi mahamri na mbaazi. Jioni kikombe cha supu ya pweza. Watu wanakusalimu mpaka unasahau ulikokuwa ukienda. Nilimpigia Nduku kila siku nikimsimulia. Nduku ana kifua, baridi ya Nairobi humkaba kila Julai mpaka analala ameketi. Nilimwambia, "Huku utapumua. Nikipanga mambo, tunahamia huku wote." Akaamini. Akaanza kuwaambia wateja wake saluni kwamba bwana yake yuko Mombasa.

Lakini mimi ni fundi wa Nairobi, na mageti yale niliyatengeneza kama ya Nairobi. Bomba jembamba, maungio nimeyagusia tu hapa na pale badala ya kuyafunga yote, koti moja ya rangi nyekundu ya kuzuia kutu, juu yake nyeusi inayong'aa, basi. Na chini ya kila geti, kama mafundi wote, nikaandika kwa brashi jina na namba ya simu. Fundi mmoja wa pale aliniambia, "Ndugu yangu, upepo wa huku una chumvi, unakula chuma. Ziba kila tundu." Nikamwona ana wivu.

Kufikia Desemba simu zikaanza. Fundi, geti linavuja rangi nyekundu kama damu. Fundi, bawaba imekatika. Fundi, kidole changu kimepita katikati ya bomba. Mageti tisa. Nilienda kuliangalia moja kwa mbali, nikaona aibu ambayo sijawahi kuona tangu nizaliwe. Sikubisha hodi. Februari nikatupa laini ya simu, nikamwambia Nduku ile ya zamani imeharibika, nikapanda basi kurudi Nairobi. Nilidhani nitamwambia nikifika. Nikafika. Akapiga simu, akauliza, "Jua huko likoje?" Nikasema, "Kali." Na hapo ndipo nilipopotelea.

Kila siku nikamtumia picha za mwaka jana. Alipoleta habari ya ntheo, wale mbuzi watatu ambao bila wao kwa Wakamba huna mke hata mkiwa na watoto kumi, nikasema kazi ni nyingi, ngoja. Ningeenda vipi kwa mama yake na mbuzi, na maisha niliyosema nampeleka binti yake hayapo?

* * *

Siku hiyo nilimpigia Nduku mara kumi na nne. Hakushika. Saa kumi jioni ikaingia picha ya WhatsApp.

Lilikuwa geti. Chini lilikuwa limelika lote, limebaki kama meno ya mzee, na mahali pa komeo pamefungwa kamba ya mnazi. Kutu imeteremka mpaka kwenye saruji. Lakini jina langu lilikuwa bado linasomeka vizuri, maana ile rangi nyeupe nilinunua ya maana. Khaemba Fundi, na namba yangu ya zamani.

Chini ya picha Nduku ameandika: "Hii namba naijua kwa kichwa. Nimeuliza fundi Khaemba kwa stage watu wakacheka. Wakasema ni yule wa mageti ya kutu? Wakanileta hapa."

Nikaandika, nikafuta. Nikaandika, nikafuta. Akapiga.

"Kuna mtu anataka kukuongelesha," akasema, na sauti ya mama mtu mzima ikaingia, taratibu kabisa.

"Fundi, hujambo?"

"Sijambo... shikamoo."

"Marahaba. Mimi Bi Riziki. Wanikumbuka? Ulikula kwangu wali wa nazi siku ulipolitia geti."

"Nakukumbuka, mama."

"Haya. Mimi sina ugomvi nawe. Mbuzi wa jirani waingia na kutoka watakavyo, lakini hilo si neno. Neno langu ni moja. Ulipoona limeharibika, mbona hukuja kubisha? Twakaa na watu hapa. Ungekuja, tungesema, ungerekebisha, yakaisha. Sasa watu wanakuita mwizi, na mimi nakataa, nasema yule kijana si mwizi. Wananiuliza, basi ni nani? Sina la kuwajibu."

Angenitukana ningejitetea.

"Huyu mwenzio nimempa chumba," akaendelea. "Amefika hapa ametota jasho, hajala. Atalala kwangu."

Siku iliyofuata Nduku alinitumia sauti. Niliisikiliza nimejifungia chumbani, nimekaa juu ya mtungi wa maji.

"Khaemba, nimeamka nimelala kama mtoto. Kifua kiko wazi, nimepumua mpaka nikaogopa. Hiyo haukudanganya. Mbaazi ni tamu. Watu ni wapole. Hiyo pia haukudanganya. Lakini haukuniambia maji ya kisima ni ya chumvi mpaka sabuni inakataa povu. Haukuniambia mbu. Haukuniambia sukari inalowa kwa mkebe, na kipele cha joto kimenitoka shingo yote. Haukuniambia upepo unakula chuma. Kila kitu uliniambia kilikuwa ukweli, Khaemba, lakini ulikuwa unanikatia upande mtamu peke yake. Mimi si mtoto."

Akavuta pumzi, kwa urahisi kabisa, nikaisikia.

"Kesho narudi Nairobi. Usikuje stage kuningoja. Kama unataka tuongee tena, nenda kwanza Kabiro umwambie mama ulikuwa wapi. Mwenyewe, kwa mdomo wako. Halafu kuja huku uwatengenezee hawa watu mageti. Mimi sitakuwa hapa kukuangalia. Ufanye ukijua sikuoni."

* * *

Mama Nduku ni mtu wa Kitui, anauza muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na ndengu mbele ya ploti yao Kabiro. Nilipotokea pale akafurahi mpaka akaangusha kikombe cha kupimia, ndengu zikamwagika.

"Ai! Khaemba! Umetoka Mombasa lini? Nduku ameenda huko kukuona, kwani mmepishana?"

"Mama, sikutoka Mombasa."

"Umetoka wapi?"

"Laini Saba."

Akacheka akidhani ni utani. Wateja wawili walikuwa wamesimama pale na mifuko yao. Nilitaka kungoja waende, kisha nikajua kama nikingoja nitakimbia.

"Niko Laini Saba tangu Februari, mama. Kazi ya Mombasa iliniharibikia. Nilitengeneza mageti mabaya, yakaliwa na kutu, nikawatoroka wenyewe. Nikawadanganya nyinyi wote."

Mteja mmoja akasema, "Eish," polepole.

Mama Nduku akaacha kucheka. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Mwezi wa tatu nilikuwa mgonjwa. Ulinipigia."

"Ndio, mama."

"Ukaniambia kama si mbali ungekuja kuniona."

"Ndio, mama."

"Nikamwambia Nduku, huyu kijana ana roho nzuri, ni vile tu yuko mbali." Akaanza kukusanya ndengu zilizomwagika, moja moja. "Nilikuombea safari. Kila siku kanisani nilikuwa naomba, Mungu amlinde Khaemba na hiyo bahari."

Nikainama nimsaidie kuokota.

"Wacha," akasema. "Nitaokota mwenyewe."

Nilirudi Laini Saba kwa miguu kupitia Ng'ando, na kila mtu niliyepishana naye nilihisi anajua. Mtu akiwa na aibu hata mbwa wa njiani anamwona anamhukumu.

* * *

Niliuza mashine yangu ndogo nipate pesa za chuma na rangi, Dedan akaniazima grainda na mashine yake ya pili, nikaenda Mtwapa. Nilianza kwa Bi Riziki. Nilibisha hodi kwenye geti langu mwenyewe nikaogopa litaanguka.

Watu tisa niliwaendea mmoja mmoja. Wawili walinifukuza. Mmoja alikubali nifanye kazi lakini akaniletea kiti akaketi ananiangalia siku nzima bila kunisemesha, hata maji hakunipa, na sikumlaumu. Saa sita jua lilikuwa linapiga bati la geti mpaka mkono haushikiki. Jasho linaingia machoni ndani ya miwani. Yule fundi niliyemwona ana wivu ndiye aliyenifundisha kuziba mabomba ncha zote, kufunga maungio yote, kusugua kutu mpaka chuma kicheke, kisha koti tatu za rangi, na kila koti ingojewe ikauke. Wale wawili walionifukuza walirudi wenyewe wiki ya pili.

Nduku sikumpigia. Sikumtumia picha hata moja ya kazi, ingawa vidole viliniwasha. Alisema nifanye nikijua hanioni.

Wiki ya nne nikashuka Kawangware, mweusi kama sufuria, mikono imejaa malengelenge. Nilienda moja kwa moja saluni. Ni chumba kidogo cha mabati, viti viwili, kioo kimoja. Nduku alikuwa anasuka mteja, nusu ya kichwa imekwisha. Mourine alikuwa kwenye kiti cha pili anapaka mtu kucha. Wote wakageuka isipokuwa Nduku, aliyeniona kwa kioo.

"Umemaliza?" akauliza, vidole vinaendelea.

"Yote tisa."

"Najua. Bi Riziki hupiga simu."

"Nduku, naomba tuongee nje."

"Ongea hapa. Uongo ulinipea watu wakisikia. Hawa wote waliskia bwana yangu yuko Mombasa."

Yule mteja akajaribu kugeuza kichwa, Nduku akakirudisha mbele.

"Sawa," nikasema. "Basi kuna kitu kimoja sijakuambia. Ndicho kibaya kuliko vyote. Ukikisikia na uniambie niende, nitaenda."

"Sema."

"Mwezi wa tano nilikuwa Olympic, naweka grili za madirisha kwa nyumba ya mtu. Nikakuona unakuja. Umebeba mfuko wako wa kazi, unakohoa. Nikakimbia nikajificha nyuma ya makoti ya mtumba yaliyotundikwa hapo barabarani. Nikakupigia simu kutoka huko ndani ya makoti, nikijua ukishika simu utasimama, hautafika nilipo. Nikakuuliza uko wapi. Ukaniambia uko Olympic kwa mteja, kifua kinakusumbua. Nikakuambia mimi niko ufuoni na jua linachoma. Ulikuwa hatua kumi kutoka kwangu, Nduku. Nilikuona ukikohoa. Na nikakuambia pole."

Mourine akaacha kupaka kucha. Mimi macho yangu yalikuwa chini kwenye nywele zilizokatwa, siwezi kuyainua.

"Makoti yalikuwa mafupi," Nduku akasema.

"Nini?"

"Hayo makoti. Yalikufunika mpaka kwa magoti. Viatu vyako vilikuwa nje. Vile nilikununulia soko la Toi."

Nikainua kichwa. Alikuwa ameacha kusuka.

"Ulinijua?"

"Nilisimama hapo nikaangalia viatu vya bwana yangu, na bwana yangu ananiambia kwa simu yuko baharini. Nikasema asante, nikaenda nikasuka mteja. Nilimsuka vibaya, akanigombeza."

"Miezi miwili ulijua? Sasa... Mtwapa ulienda kufanya nini?"

"Kutafuta mwanamke." Sauti ikakwama, akakohoa kidogo, ikarudi. "Ungejificha nini kingine? Nikajua uko na bibi huko, labda na mtoto, mmekosana ama anakusaka, ndio maana unajificha hata mimi. Nilienda nikiwa nimejipanga, Khaemba. Nilikuwa na maneno yote ya kumwambia. Nilikuwa nimevaa ile dress ya kijani. Nilikupigia hapo kwa mtu wa madafu nikikupea nafasi ya mwisho useme mwenyewe. Halafu nikaulizia nyumba yako, wakanipeleka, nikashika roho, nikaangalia. Ni geti."

Hakuna aliyecheka.

"Geti, Khaemba! Miezi mitano juu ya geti! Kwani ungeniambia mageti yameoza ningekufanya nini? Mimi mwenyewe nimewahi kuchoma mtu nywele kwa dawa zikang'oka zote, si ulinisindikiza nikaombe msamaha?"

"Niliona aibu."

"Uliona aibu." Akaniangalia sasa, si kwa kioo. "Aibu yako ulinibebesha mimi. Miezi miwili nikifungua hii saluni asubuhi nilikuwa nasimama kwa hiki kioo nikijiuliza huyo mwingine ana nini. Kama ni hii kifua yangu ndio imekuchosha. Wateja wakiniuliza Mombasa kuko aje nasema kuko poa. Wewe ulijificha kwa makoti siku moja. Mimi nimejificha hapa mbele ya watu kila siku, na sikuwa nimefanya kitu."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nilikuwa nimejihurumia wakati wote huo, nikahesabu aibu yangu peke yake, mageti yangu, jina langu. Nililia pale katikati ya saluni, mwanaume mzima na mkoba wa vyuma begani. Yule mwenye kucha akanipa tishu.

"Sina cha kusema, Nduku. Nimekukosea."

"Umenikosea sana."

"Niende?"

Alishika tena ule msuko aliouacha, akausuka mpaka ncha, akaufunga.

"Mama amesema mbuzi wa ntheo walete Agosti ikiisha. Amesema anataka wanono. Bado amekukasirikia, na atakaa akikukasirikia, usifikirie mambo yameisha."

"Na wewe?"

"Mimi pia." Akachukua fungu la rasta, nywele za kusukia, kutoka mezani akanirushia. "Osha mikono, unipasulie hizo. Ndogo ndogo, usizikate. Nimechelewa na huyu mteja."

Nikaosha mikono, nikakaa kwenye stuli karibu na miguu yake, nikaanza kupasua. Vidole vya fundi chuma na rasta havipatani, lakini nilijitahidi. Yule mteja aliyekuwa akisukwa, aliyevumilia yote haya shingo imekaza, akashindwa kujizuia.

"Na huyu ni nani?" akamwuliza Nduku kwa kioo.

Nikainamisha kichwa. Sikujua atasema nini, na sikuona nina haki ya kuchagua.

"Ni bwana yangu," Nduku akasema, akinyoosha mkono nimpe rasta. "Anaitwa Khaemba. Anakaa Laini Saba."